Jina Lilikuwa la Somoe

Muuguzi Winfrida alipoambiwa kwamba mtoto wa Dorika ataitwa Winfrida, aliaga wodini, akaingia chumba cha kuchemshia vyombo na kurudisha mlango. Alitaka kufurahi bila kutazamwa. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, thelathini na miwili kati ya hiyo akiwa mkunga wa zahanati moja karibu na Nanganga, na hakuwa mtu wa kujionyesha anaposifiwa.

Furaha yenyewe ilikuwa na sababu. Alizaliwa Lupaso, enzi ambazo Wakristo wa huku walichagua majina ya watoto kwenye kalenda ya watakatifu. Baba yake alimweleza kwamba jina lake limetoka kwa Winfridi, mtakatifu anayeheshimiwa sana na Wajerumani, na kwamba katika lugha yao ya kale maana yake ni rafiki wa amani. Wamisionari walikuja nalo, wazazi wakalipenda, likaenea vijijini. "Usilichafue," baba alimwambia siku alipompeleka Ndanda kusomea uuguzi. Hakulichafua. Kwa miaka yote hiyo hakumtukana mwanamke aliye kwenye uchungu, hakuuza dawa ya serikali mlango wa nyuma, na hakuacha zamu kwa kisingizio cha msiba usiokuwepo. Watumishi wa namna hiyo wapo, ila hawapigiwi ngoma.

Wanawake wa vijiji vya jirani walimlipa kwa jina. Katika miaka yake ya kwanza kazini, karibu kila mwezi alizaliwa Winfrida mpya. Hata Mama Zuhra, ambaye mume wake alikuwa mwadhini, alimwita binti yake wa pili Winfrida, na mwadhini akanuna wiki nzima. Walizidi kuwa wengi hadi ikabidi watenganishwe: Winfrida wa Mashineni, Winfrida Mrefu, Winfrida wa Mwadhini. Na kwa desturi ya huku, mtu akipewa jina lako amekuwa somo wako; una haki juu yake, naye ana haki juu yako. Winfrida aliwapelekea wote kanga siku ya kutolewa nje na kupewa jina, na walipokwenda unyagoni alifika.

Baadaye jina likapoa. Wakaja kina Glori, Nasra na Prinsesi. "Jina lako zuri, nesi, ila lina umri," mzazi mmoja alimwambia bila aibu, akifunga mbeleko. Kwa miaka tisa hakuzaliwa Winfrida hata mmoja. Sasa, ikiwa imebaki miezi michache astaafu, Dorika alimletea wa mwisho.

Lakini mle chumbani, kabla maji hayajachemka, furaha ilimtoka. Alikuwa anakumbuka kitovu.

Dorika alifikishwa zahanati mchana, mwezi wa kwanza, amelazwa kwenye kitanda cha kamba kilichobebwa na wanaume wanne. Mtoto alikuwa ameshazaliwa. Gervas, mume wake, alisema mkewe alishikwa na uchungu kwenye palizi, shambani ng'ambo ya korongo, akajifungua njiani peke yake. Winfrida alimchoma sindano, akamwekea dripu, akakaa naye mpaka jioni. Dorika alipopata fahamu vizuri, uso wa kwanza aliouona ulikuwa wa Winfrida. "Umeniokoa mimi na mwanangu," alisema, na ndugu waliokuwa nje wakaitikia kwa vigelegele.

Kitovu cha mtoto kilikuwa kimefungwa mara mbili, kwa pindo safi la kanga, kikakatwa katikati ya mafundo. Mtu anayejifungua njiani peke yake hafungi hivyo. Mtoto alikuwa amefutwa vizuri mdomo na pua, na tumbo la mama lilikuwa limekandwa na mtu anayejua, la sivyo damu ingemmaliza kabla ya kufika. Winfrida alijua upande ule wa korongo kuna mikono ya namna hiyo jozi moja tu.

Ijumaa, siku moja kabla ya mtoto kutolewa nje, alivuka korongo kwa miguu hadi kwa Bibi Somoe. Alimkuta barazani akichambua kisamvu. Somoe aliolewa hapo akitokea Newala, akiwa msichana, na alikuwa amezalisha nusu ya kitongoji kabla wakunga wa jadi hawajakatazwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nesi, umepotea njia? Huku hakuna mtu wa kuchoma sindano."

"Nimekuja kwa habari ya mtoto wa Dorika."

"Sikumzalisha mimi."

"Sijasema umemzalisha."

Somoe akasimamisha mikono, akamtazama, kisha akacheka mpaka kisamvu kikamwagika. "Haya, umeninasa! Kwani ulitaka nifanye nini? Korongo limejaa, mtoto anakuja. Nimwambie asubiri maji yapungue?"

"Alilia?"

"Alie wapi! Kamba ilikuwa shingoni, katulia kama kitambaa. Nikamtoa uchafu mdomoni, nikamsugua mgongo, nikampulizia. Nilipokata tamaa ndipo akakohoa. Halafu mama yake naye akaanza kumwaga damu. Nikamweka mtoto kwenye ziwa la mama yake, nikakanda tumbo mpaka maji yalipopungua na wanaume wakavuka."

"Na kwa nini Gervas alinidanganya?"

"Mimi nilimwambia adanganye. Sheria ya kijiji unaijua. Mlituita ofisini, mkasema tuache. Nikaacha. Nyembe nilitupa, mwanangu. Mikono ningeitupa wapi?"

Winfrida ndiye aliyesimama mbele ya wanawake siku ile na kuwaambia waache.

"Wanataka kumpa mtoto jina langu," alisema mwishowe.

"Nimesikia. Jina zuri."

"Jina ni lako, mama."

"Somoe?" Bibi akapiga kofi. "Wajukuu zangu wa kike wanne, na hakuna hata mmoja aliyelibeba. Kuna Naima, kuna Nusrati, kuna Shamimu, na yule wa mwisho ana jina la tamthilia, sijalijua mpaka leo. Ukimwita mtoto Somoe watamwuliza meno yako wapi. Nyamaza tu. Mimi nimenyamaza, wewe unyamaze. Nani atadhurika?"

"Mtoto. Maisha yake yote atamshukuru mtu siye."

"Na wewe utabaki na nini?"

Winfrida aliaga, akarudi Nanganga akitembea polepole.

Inafaa kusema wazi jambo lililomkabili. Akinyamaza, angepata somo wake wa mwisho na heshima yake ingebaki kama ilivyokuwa. Akisema, angempoteza mtoto, na zaidi ya hapo angewaambia wanawake, waliosikia kwake miaka mingi kwamba kuzalia nyumbani ni hatari, kuwa safari hii bibi wa nyumbani ndiye aliyeokoa watu wawili. Wengi wetu tungenyamaza, tena tungejipa sababu nzuri.

Jumamosi uani kwa Gervas palijaa. Mkeka ulitandikwa, chai ikamiminwa. Bibiana, mama mkwe wa Dorika, alimweka mtoto mikononi mwa Winfrida ili amwite kwa jina. Shamte, mwenyekiti wa kitongoji, alikaa kiti cha mbele.

Winfrida alimtazama mtoto kitambo, akamrudisha kwenye mapaja ya Dorika.

"Huyu si somo wangu," alisema. "Aliponifikia mimi alikuwa hai tayari, na mama yake alikuwa hai. Mimi nilimalizia. Aliyefanya kazi ni Bibi Somoe, huko ng'ambo, korongo likiwa limejaa. Mwenyekiti, ukitaka kutoza mtu faini, uniite na mimi, kwa sababu ningekuwa mahali pake ningefanya vilevile. Na nyinyi wenye mimba msinielewe vibaya. Kliniki mje, na siku zikikaribia hamieni upande huu kabla ya mvua. Hilo silibadilishi. Lakini sitachukua jina la mtu."

Gervas alitazama vidole vya miguu yake. Shamte akakohoa. "Maji yakijaa, hakuna faini," alisema, akaomba aongezewe chai.

Dorika alikuwa amemgeukia mume wake. "Ulijua?"

"Bibi alinikataza kusema."

"Nilisikia mikono," alisema Dorika taratibu. "Nilisikia mtu ananikanda na kunisemesha Kimakonde. Nikadhani ni marehemu mama yangu."

Bibiana ndiye aliyepinga. "Tumshukuru, sawa, tumpelekee kuku. Ila Somoe, jamani! Jina la kizee hilo. Shuleni watamcheka. Na padri atasemaje?"

"Padri atambatiza jina la ubatizo mtakalomtajia," alijibu Winfrida. "Na la kizee limekuwa la kizee kwa sababu tumeliacha. Darasani kwetu Lupaso tulikuwa na kina Somoe watano, Waislamu na Wakristo, na mwalimu aliwapa namba. Wazee wetu walisema limetoka kwenye somo: mtoto aliyebeba jina la mtu mwingine, au aliyewekwa chini ya mkubwa anayemfunza. Sasa huyu mtoto ana mkubwa gani kuliko aliyempulizia pumzi?"

"Mkwe wangu ndiye mama wa mtoto," alisema Bibiana. "Aseme mwenyewe."

Dorika alisimama, akajifunga kanga, akambeba mtoto. Bibiana akamkumbusha kuwa hajatimiza siku arobaini za kukaa uani. "Nitarudi kuzimalizia," alijibu, akashika njia ya korongo, maji yakiwa yameshapungua hadi kwenye vifundo vya miguu. Winfrida alifuata nyuma akiwa na doti ya kanga aliyoileta, na nusu ya wageni wakafuata, baadhi yao na vikombe vyao vya chai.

Bibi Somoe alipouona msafara alitaka kuingia ndani. Dorika alimwahi mlangoni.

"Mpokee somo wako."

"Mtoto mzuri hivi mnamwonea," alisema bibi, lakini mikono ilikuwa imeshanyooka. Alimwita jina sikioni mara tatu. Hakuwa na kitu cha kumpa, naye Winfrida akamwekea ile doti begani kama kitu cha bibi mwenyewe. Bibi alimfunika nayo mtoto, akalia, kisha akawagombeza watu kwa kumkanyagia bustani ya mchicha.

Siku ya kliniki, mwezi uliofuata, Winfrida alichukua kadi ya juu kwenye rundo na kuita, "Somoe Gervas!" Wasichana wawili kwenye benchi walitazamana, mmoja akaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Dorika alisimama, akapita mbele yao bila haraka, akamlaza mtoto kwenye mizani.

"Kilo tano kasoro kidogo," alisema Winfrida, akaandika.