Rogathe na Kufuli la Zamani

Rogathe, binti wa marehemu kaka yangu, anafanyia kazi jikoni kwangu hapa Mamba, kompyuta ikiwa juu ya meza ya kukatia mboga. Ukimwuliza kazi gani, anasema analinda swichi. Iko programu ya kufunga siri za watu zinapopita mtandaoni. Haiuzwi, kila mtu duniani anaichukua bure, na wanaojua wanaitengeneza pamoja. Kabla ya kuiunda unachagua: kufuli hili liwemo, lile lisiwemo. Machaguo hayo ndiyo swichi alizokabidhiwa yeye. Wazungu wanamwomba ruhusa, mimi namtuma maji.

Mwaka jana akaona aondoe kufuli moja la zamani, maana wezi walishajua kulivunja. Akatangaza mtandaoni miezi kadhaa: nani bado analitumia? Dunia nzima kimya. Akalizima.

Kesho yake asubuhi akaingia Zephania, mdogo wangu, mwenyekiti wa kikundi cha tangawizi. Hodi hakupiga.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba ya nini? Mzani umenuna!"

Mzani wa kikundi hupeleka uzito kwa mnunuzi kule Same kupitia kompyuta ya ofisini, na Rogathe mwenyewe ndiye huiwekea toleo jipya la programu ile kila likitoka. Kumbe mzani ule mkongwe unajua kufuli la zamani tu! Lori lilishafika. Uzito usipofika Same, dereva hapakii, na jioni anashuka mtupu. Tangawizi ya kijiji kizima ilikuwa kwenye magunia.

Rogathe akashika kichwa. "Lakini nilitangaza!"

"Wapi?"

"Mtandaoni. Kwa Kiingereza."

"Na ndiva tunafungaje, mwanangu?"

Hapo nikajua amekwisha. Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia. Anayetaka kufunga mfereji anatangaza kwanza baada ya ibada, wa bondeni wasikie. Ukifunga kimyakimya unaitwa kikaoni, unawapikia watu. Zephania mwenyewe ujanani alipigwa faini hiyo, na makande yake yaliungua. Nikamkumbusha.

"Dada, si leo," akasema. "Rogathe, rudisha!"

"Siwezi kuirudishia dunia nzima kufuli bovu kwa ajili ya tangawizi."

"Tangawizi ndiyo iliyokusomesha!"

Rogathe akainamia kompyuta. Akaliacha kufuli limezimwa kwa watu wote, ila anayelitaka aliombe mwenyewe wakati wa kuunda. Kisha akaiundia ofisi ya Mamba programu yake, kufuli likiwemo.

"Kwa hiyo Ulaya wamefungiwa, Mamba tumefunguliwa?"

"Ndiyo, baba mdogo."

Zephania akatoka kifua mbele, utadhani kaiunda yeye. Dereva hajamaliza chai, mzani ukakubali. Lori lilishuka limejaa.

Jumapili Rogathe akapika makande ya faini, akatangaza nje ya kanisa kwamba mzani mpya ukifika, kufuli lile litafutwa kabisa. Dorkas, mzee wa kanisa, akauliza kama na la stoo ya kwaya linahusika.

Rogathe hakutaka kukosea tena. Pembeni ya swichi ile akaandika, kwa Kiingereza, agizo kwa watengenezaji wenzake: usifute kabla ya kumwuliza Zephania wa Mamba. Sasa huko duniani wanamdhania bingwa mkubwa. Juzi mtu wa Ufini kaandika kwa adabu kubwa, anaomba kibali cha Mheshimiwa Zephania ili kufuli lifutwe.

Rogathe akamsomea. Zephania akafikiri sana, mikono nyuma.

"Mwambie bado. Na mbona hajaniamkia?"