Kungoja kwa Kiingereza

Juzi nilikwenda zahanati kupima presha. Binti wa mapokezi akaniambia, "Shikamoo bibi, wait kidogo." Nikaitikia marahaba, nikakaa kwenye benchi, mara machozi yakanilengalenga. Wenzangu wakadhani ni ugonjwa. Kumbe ni neno hilo tu la "wait", rafiki yangu. Mimi nilifundishwa neno hilo vizuri mno.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana wa Kisukuma, amepewa chumba uani kwa bibi yangu, katika kijiji chetu cha ujamaa kule Kirushya. Kwake kitenzi hakikuandikwa ubaoni kabla hatujakifanya kwa mwili. Siku ya "wait" alitusimamisha kando ya shamba la shule kuwafukuza nyani, jua linatuchoma utosi. Ndipo akatueleza kwamba huko ndiko kungoja, na kwamba kamusi yake kuukuu inasema neno hilo zamani lilikuwa la mlinzi, mtu anayekaa macho. "Anayengoja hakunji mikono," alisema. Kila mmoja akaambiwa ataje kwa Kiingereza anamngoja nani. Mimi nikasema nangoja kengele ya uji. Alicheka mpaka akakohoa.

Vita vya Kagera vilipoanza, akaondoka na wanamgambo, asubuhi, kwa lori. Nyuma ya migomba yetu aliacha kishamba cha maharage yakiwa kwenye maua. Mbegu aliitoa kwao Usukumani: maharage meusi, yenye doa jeupe. Akamwomba bibi amtunzie mpaka arudi.

Bibi hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini alingoja vile vile tulivyofundishwa. Alivuna, akakausha, akachanganya na majivu yasitobolewe na wadudu, akafunika kwenye chungu. Ole wake atakayegusa. Askari wakarudi wakiimba, mwalimu hakuwemo. Mvua zikaja, bibi akayapanda upya, maana mbegu ikikaa sana haioti. Akavuna tena, akafunika tena. Misimu minne hivyo hivyo. Sukari hakuna, sabuni hakuna, sisi tunakula ndizi kwa chumvi, na chungu kimejaa. Nilimnunia bibi yangu, sikufichi.

Alasiri moja mwalimu mkuu alikuja, akazungumza naye kwa sauti ya chini, akaondoka bila kugusa pombe ya ndizi aliyotengewa. Kesho yake bibi alikimimina chungu chote kwenye ungo, akachambua, akapika, akatuita watoto wote tuliofundishwa na yule kijana.

"Kuleni," akasema. "Ni ya mwalimu wenu." Kisha akatugeuzia mgongo.

Sasa sokoni Rulenge kuna maharage ya kila rangi, ila meusi yenye doa jeupe siyaoni. Nimeuliza mpaka wauzaji wamenichoka. Siku ile nilikula sahani mbili, rafiki yangu, nikaramba na vidole. Natamani ningeficha hata punje tatu.