Lebo za Oleta

Oleta alipokuwa hai, asali kule milimani Kentaki haikupimwa kwa mizani. Ilipimwa kwa chupa. Ukitaka painti, karibu nusu lita, unapewa painti, na ukibisha unaambiwa nenda kanunue sukari.

Lebo aliziandika mwenyewe wakati wa theluji, nyuki wamejikunyata mizingani, maharage yanatokota jikoni. Mumewe Verlin hakujua kusoma, ila lebo ile aliijua. Juu: Asali ya Oleta. Katikati: Painti moja. Chini kabisa: Rudisha chupa, tafadhali. Na watu walirudisha. Asubuhi ungekuta chupa tupu barazani, zimeoshwa, nyingine ina mbegu za maua ndani.

Theluji ilipoyeyuka, walimzika Oleta. Kiangazi Verlin akavuna asali peke yake. Akachukua lebo zilizobaki, akazipeleka pamoja na chupa za asali dukani kwa Nelda, mdogo wake Oleta.

"Shemeji, hizi siwezi kuziuza," Nelda akasema.

"Asali ina nini?"

"Asali haina neno. Sheria ndiyo mpya. Painti haitoshi tena, wanataka uzito. Wakia na gramu, zote mbili. Tena mbele, chini ya lebo."

"Gramu anakula nani hapa?"

"Hakuna. Lakini mkaguzi akipita, ataishusha asali yote rafuni." Akaweka kidole kwenye lebo. "Nitabandika kikaratasi hapa chini."

Pale chini ndipo palipoandikwa Rudisha chupa.

Verlin akaivuta lebo. "Hapo usipaguse."

"Dada alisema wewe nyumbu, nikadhani anatania."

"Na wewe alikuita kuku. Unatetea kutwa, yai hakuna."

Nelda akacheka. Verlin alikuwa anaitazama lebo. Mkono ulioiandika hauandiki tena. Maneno yake yakifunikwa, watu watajuaje kwamba aliwaomba?

Nelda akaishika chupa, akaigeuza.

"Mkaguzi anaangalia uso. Mgongo si kazi yake. Mbele nitaandika mimi: wakia ishirini na nne, gramu mia sita themanini. Nyuma weka ya dada."

"Na jina lake?"

"Jina linakaa mbele. Unanionaje wewe?"

Verlin akafikiri. Akaitikia kwa kichwa.

Nelda akavuta utepe wa gundi.

"Siyo huo," Verlin akasema. "Yeye alibandika kwa maziwa."

"Maziwa!"

"Chupa ikirudi, unailoweka tu. Lebo inatoka yenyewe."

Nelda akaingia ndani, akarudi na maziwa kwenye kisahani. Verlin akachovya kidole, akaipaka lebo nyuma, akaibandika.

"Umeipinda, shemeji."

"Naona."

"Dada angekutukana."

"Angenitukana sana," Verlin akasema. Akaibandua taratibu, isichanike, akaanza upya.