Mgongo wa Bi. Faida

Asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, naikumbuka kuliko nyingine zote, na kila nikiikumbuka hushukuru, ingawa siku yenyewe niliona haya mpaka jasho likanitoka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mwalimu wetu wa kwaya, hapa misheni ya mjini Unguja, alisafiri kwenda bara, akaniachia kazi ya kuwasimamisha waimbaji na kuwafundisha kuvuta pumzi kabla ya mazoezi ya Pasaka. Kazi ndogo, lakini kwangu ilikuwa kama usultani.

Nikawapanga ukutani: visigino, mgongo na kisogo viguse ukuta.

"Kifua mbele! Mabega juu! Shikeni pumzi mpaka nihesabu ishirini!"

Wote waligusa ukuta isipokuwa Bi. Faida, mama mtu mzima aliyewahi kuwa mtumwa, mgongo wake umepinda. Nikapitisha mkono baina ya kisogo chake na ukuta, makusudi watu waone.

"Bi. Faida, ukuta hauumi."

Wakacheka. Naye akacheka. "Mgongo huu, Esta, utanyooka siku ya kuzikwa. Usiwe na haraka."

"Basi kaa kwenye benchi. Pasaka tunataka safu iliyonyooka."

Hapo kicheko kikamtoka usoni. Hakuwa na mume wala mtoto; kwaya ndiyo iliyokuwa jamaa zake. Akaenda kukaa.

Tukaimba. Ubeti mrefu wa wimbo wa Pasaka ukakatika katikati, pumzi zimetuishia. Tukarudia, ukakatika palepale. Mara ya tatu Veronika, binti mdogo kuliko wote, akashikwa na kizunguzungu akaketi chini. Nami nikamgombeza, nikamwita mvivu.

"Mwache mtoto wa watu," Bi. Faida akasema kutoka benchini. "Unawajaza pumzi mabegani, itakaa wapi? Njoo hapa."

Nilikwenda na hasira zangu. Akanipa mgongo. "Weka mikono chini ya mbavu." Akavuta pumzi. Mabega hayakutikisika, lakini mbavu zilivisukuma viganja vyangu hadi vikaachana. Kisha akauimba ubeti ule mpaka mwisho, ameinama vilevile.

"Umejifunza wapi?" nikauliza.

"Juu ya madari, mapaa bapa ya nyumba za mji huu. Tukishindilia chokaa kwa magongo, tumeinama tangu asubuhi, na wimbo usikatike, ili magongo yaanguke pamoja. Anayeinua mabega, adhuhuri haimkuti kazini. Ng'ombe haelemewi na nunduye, mwanangu. Nundu yangu imekuelemea wewe."

Hakuna aliyecheka. Nikamwomba radhi palepale, mbele ya wale niliowachekesha.

"Nshakusamehe," akasema. "Ila benchi lako gumu."

Tangu siku ile aliongoza yeye. Tuliinama, mikono magotini, tukaipeleka pumzi mgongoni mpaka kiuno kikapanuka, kisha tukainuka polepole bila kuipandisha. Siku ya Pasaka alisimama safu ya mbele, amepinda kama alivyo, na ubeti ukafika mwisho wake. Mwalimu aliporudi aliuliza nani katufundisha hivyo. Nilimwambia kweli, japo ulimi ulikuwa mzito.

Mwanangu, ukipewa watu uwasimamishe, usiwapime kwa ukuta. Uliza kwanza mwili wa kila mmoja umepitia kazi gani, ndipo umwambie asimame vipi. Huenda yeye ndiye wa kukufundisha wewe. Ukimvunjia mtu heshima hadharani, usimwombe radhi chumbani. Na anayekukanya usimnunie. Penye wazee haliharibiki neno, lakini sharti wapewe nafasi ya kulisema.

Mungu amrehemu Bi. Faida. Nawe akujaalie kifua kipana na moyo mnyenyekevu, na akuletee mtu wa kukurudi mapema, ungali na nafasi ya kutengeneza.