Demetria Inamahoro na Mipera Iliyokatwa Maua

Habari hizi zilisimuliwa na Fideli Shilinde, mkulima wa tumbaku wa Urambo, Oktoba, mwezi wa Rozari, mwaka jana, baada ya misa ya kwanza. Ummy muuza vitumbua alikuwa amekaa papo hapo akisikiliza, naye alimkosoa mara mbili tu, kwa hiyo zina ukweli.

Alizaliwa mwaka 1956 huko Ruyigi, Burundi, akabatizwa Demetria. Jina la nyumbani Inamahoro. Mwaka 1972 machafuko yalipowatoa kwao, alikimbia na mama yake, msichana wa miaka kumi na sita. Walitembea, wakapakiwa malori, wakatembea tena, hata mwezi wa Desemba wakawa kwenye ile njia ya zamani ya misafara, walikopita wapagazi na pembe kutoka Ujiji kwenda Tabora. Hapo njaa iliwashika, wakakuta maembe yameanguka kando ya njia. Demetria akamwuliza mama mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni, "Mama, tumwombe nani ruhusa?" Akajibiwa, "Kula, mwanangu. Aliyepanda alikufa zamani, hata jina lake hatulijui." Wako watu ambao Mungu huwaita kwa ndoto. Huyu aliitwa kwa embe la mtu asiyemjua.

Aliishi Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, miaka thelathini na saba. Aliolewa na Karoli, akazika watoto wawili, akalea watatu, na mwaka 2009 akamzika Karoli mwenyewe. Ndipo alipohamia Urambo mjini kwa binti yake. Nyuma ya nyumba za kitongoji kile palikuwa na kiwanja cha vifusi na chupa. Mwaka 2012 alikwenda kwa mwenyekiti, Mzee Abbasi, akaomba apande miti ya matunda ambayo hata mpita njia atachuma bila kuuliza. Mzee Abbasi alikuwa mtu wa haki, ila si mtu wa kusubiri. Akasema, "Mama Demetria, wako watu wanataka kujenga ghala la tumbaku pale. Nakupa mpaka Krismasi ya mwaka 2015. Nisipoona tunda, ghala linajengwa." Wakajitolea watu kumi na wanne, Wakristo na Waislamu, wakazoa vifusi mwaka mzima, wakapanda mipera arobaini na michungwa michache. Kila mtu alikuwa na zamu yake ya kubeba maji. Hakuna aliyelipwa, wala aliyeuliza.

Fideli alikuwa mmoja wao, na mikono yake ilisifika. Katika tumbaku hakuna aliyemshinda. Na mkulima wa tumbaku, msomaji, likitokea ua, halali usiku nalo. Hulivunja siku hiyohiyo, ili nguvu yote iende kwenye majani. Basi mwezi wa Agosti mwaka 2015 mipera ikachanua kwa mara ya kwanza, maua meupe matupu. Fideli akaona wenzake wamechelewa. Akaamka alfajiri, peke yake, awafanyie hisani. Saa nne asubuhi Demetria alipofika na ndoo yake, alikuta ardhi nyeupe kama imemwagiwa unga, na Fideli anapangusa jasho huku anacheka.

"Shikamoo Mama! Nimemaliza zamu ya watu wote. Sasa subiri uone majani!"

"Marahaba." Demetria akatua ndoo. Akakaa chini, akaokota maua machache, akayatazama. "Fideli mwanangu, mapera tunakula majani yake?"

Fideli akatazama matawi matupu, kisha maua yaliyotapakaa chini. Akataka kukimbia, Demetria akamshika kwa upindo wa shati. "Unakwenda wapi? Ndoo hii nani atanisaidia kubeba?"

Jumapili iliyofuata palikuwa na mkutano wa kitongoji. Watu walimcheka Demetria mbele yake. "Bibi wa majani!" "Tuletee mboga basi, tunda limeshindikana!" Mzee Abbasi akauliza nani amefanya upuuzi ule. Fideli alikuwa amekaa nyuma. Demetria akasimama, akasema, "Lawama ni yangu. Nilimkabidhi mtu mti bila kumwonyesha unavyozaa." Wakambana amtaje mtu huyo, hakumtaja. Akaomba jambo moja tu: aongezewe siku mpaka Pasaka.

"Pasaka mimi siijui," alisema Mzee Abbasi, "lakini nimekusikia. Ikipita, sitaki hadithi."

Siku ile Demetria hakujua kama mti uliovunjwa maua huchanua tena mwaka huohuo. Aliahidi kwa imani. Walimwagilia kiangazi chote, na Fideli akabeba ndoo za watu watatu. Mwishoni mwa Oktoba kila tawi lililokatwa maua likatoa matawi mawili, na kila tawi likawa na maua. Wiki ya Pasaka mwaka 2016 Mzee Abbasi alitumiwa kapu, akala mapera matano akiwa amesimama. Waumini wakasema ni muujiza. Demetria akawakemea: "Acheni. Ni mpera tu, Mungu ndivyo alivyouumba." Lakini jina la "Bibi wa majani" lilibaki, naye aliliitikia miaka sita bila kunung'unika.

Alifariki Jumanne tarehe 9 Novemba 2021, rozari mkononi. Kaburini, padre alipouliza kama yupo mwenye neno, Fideli akajitokeza. Mkewe akamvuta, hakuvutika. Akasema, "Maua niliyakata mimi. Ameitwa jina lile kwa ajili yangu, nami nilinyamaza."

Kisha Ummy akasema, "Tulijua, baba. Urambo nzima, nani mwingine angekata maua ya mipera arobaini kwa usafi ule?" Watu wakacheka na machozi yao, na Mzee Abbasi akamshika Fideli mkono. "Alinikataza kukuuliza," akasema.

Leo miti ni sitini na miwili, na mgeni yeyote anayejitolea hukaa msimu mzima na mwenzake kabla ya kushika kisu. Anayewafundisha ni Fideli. Kanisa halijamtangaza Demetria kuwa mtakatifu, wala sisi hatulitangulii. Ila tumwige: tukikosewa, tutafute kwanza tulichosahau kufundisha, na aliyekosa tusimwache aende na aibu yake peke yake.

Siku ile ya maziko Fideli alirudi nyumbani jua likizama. Mkewe akaingia jikoni kusonga ugali. Alipotoka na sahani, akamkuta kwenye mkeka, viatu miguuni, amelala fofofo kama mtu ambaye hajalala miaka sita.