Kibao cha Brashi

"Baba mdogo, mbwa mkali mwenyewe yuko wapi?"

Swali hilo liliulizwa getini, mchana kweupe, na mtoto wa kaka yake Brashi. Mtoto huyo ndiyo kwanza alikuwa amejua kusoma, kwa hiyo alisoma kila kitu kilichopita mbele yake: magunia, makopo ya rangi, migongo ya fulana za watu. Alikuwa amesimama chini ya kibao kilichoandikwa MBWA MKALI kwa herufi nyekundu, na mbwa mwenyewe alikuwa amemlalia miguuni, tumbo juu, akisubiri kukunwa.

Ng'ambo ya barabara kinyozi alizima mashine ili acheke vizuri.

"Mjibu mtoto, Brashi! Mkali yuko likizo?"

"Si huyo hapo," akadakia mteja, shuka la kunyolea likiwa bado shingoni. "Mkali wa kulamba."

Brashi alicheka nao, lakini alicheka kwa meno tu. Aliyemjua angeona masikio yake yamebadilika rangi.

Jina lake halisi hakuna aliyelitumia. Alikuwa fundi wa kuandika vibao, na mtaa mzima ulisomeka kwa mkono wake. TUNACHAJI SIMU ilikuwa yake. USITUPE TAKA HAPA ilikuwa yake, pamoja na kidole kikubwa kinachoelekeza mahali pa kuzitupa. Aliweza kuvuta mstari ulionyooka bila rula huku anapiga soga. Ila kilichomvimbisha kichwa hakikuwa mkono. "Mimi siandiki uongo," alipenda kusema, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Kinyozi aliwahi kumwomba amwandikie KINYOZI WA KIMATAIFA. Brashi akamtazama juu mpaka chini. "Kutoka taifa gani umemnyoa nani?" Akamwandikia KINYOZI, basi, na nafasi iliyobaki akaijaza kwa picha ya mkasi. Watu walimtania kinyozi kwa neno hilo mpaka wakachoka.

Kwa hiyo siku ile ya swali kinyozi alikuwa anakula kiporo chake cha kisasi. "Mimi ulininyima neno kwa sababu eti ni uongo," alisema, akipuliza nywele kwenye mashine. "Na hilo lililoko getini kwako tuliite nini, bwana mkweli?"

Mbwa aliitwa Kopo. Aliokotwa mdogo ndani ya boksi la makopo ya rangi, na sikio lake moja lilikuwa na doa la kijani lililogoma kutoka. Aliyemlea alikuwa mke wa Brashi, fundi cherehani, ambaye alimnywesha maziwa kwa kuchovya kidole. Ni yeye aliyempeleka kuchanjwa. Ni yeye aliyemfundisha kukaa akiambiwa kaa, na aliyemfunga nyuma ya nyumba kila walipokuja wateja wenye watoto. Alimshonea kamba kwa vipande vya suruali za jinzi, akawa hatoki naye bila kamba hiyo mkononi. "Mbwa asiye na kamba barabarani," alisema, "kila mwenye jiwe ni bosi wake."

Jioni ile Brashi alipolalamika mezani, mkewe alimcheka kwa upole. "Kibao kinatosha. Mwizi atasoma maneno, hatasubiri kusoma mkia."

"Watu wanasema ninaandika uongo."

"Watu au kinyozi?"

Brashi akaendelea kula. Kesho yake, mkewe alipotoka kupeleka nguo za watu, Brashi alimchukua Kopo akampeleka nyuma ya bafu, akamfunga kwa mnyororo mfupi. Alikuwa ameamua. Kibao hakibadiliki. Atakayebadilika ni mbwa.

Kwanza alimjia na mpini wa ufagio akiwa ndani ya ovaroli yake ya kazi. Kopo akatikisa mkia. Brashi akampiga moja ya mgongo. Kopo akalia, kisha akaja kwa tumbo, akamlamba kiatu. Harufu ya thina, maji ya kufutia rangi, ilikuwa imemwingia Brashi mpaka kwenye mizizi ya nywele, na kwa Kopo harufu hiyo ilikuwa nyumbani. Mbwa hawezi kuichukia harufu ya nyumbani kwa siku moja.

Basi Brashi akaingia ndani, akaoga kwa sabuni ya kufulia, akaangalia nyuma ya mlango. Kwenye msumari lilining'inia koti la mvua la mkewe, la plastiki ya njano, lenye kofia. Mvua zilikuwa zimekatika zamani, koti lilikuwa limesahauliwa pale. Akalivaa. Akafunika kichwa, akainama, akatoka akiwa mtu mwingine kabisa.

Safari hii hakupiga moja. Alipiga mpaka Kopo akajikojolea, na hakuacha mpaka alipoona anachokitaka: mdomo umekunjuka, meno yote nje. Ndipo akarudi ndani, akalitundika koti palepale, akavaa ovaroli, akatoka na kipande cha ini. "Pole, baba. Pole. Nani kakuonea?" Kopo akala ini huku anatetemeka, kichwa amekificha kwapani mwake.

Akafanya hivyo kila mkewe alipotoka. Kopo akawa anaijua dunia upya: kuna mtu wa njano anayepiga, na kuna mtu wa thina anayeokoa.

"Huyu mbwa ana nini?" mkewe aliuliza siku moja. "Nikipita karibu na ule mlango ananguruma. Umempiga?"

"Mimi? Anakua huyo. Hata wewe ulipokua si ulibadilika?"

Na kweli, Kopo alibadilika. Ukali aliofundishwa kwa mtu mmoja akaugawa kwa wote. Muuza mkaa alipandishwa juu ya mkokoteni wake mwenyewe. Mbwa wa jirani, kizee kisicho na meno ambacho Kopo alizoea kulala nacho kivulini, alichanwa sikio. Siku kinyozi alipokoswa kung'atwa kisigino, alirudi dukani mbio akamwacha mteja wake nje, nusu kichwa kimenyolewa na nusu bado, na Brashi akashika nguzo kwa kicheko.

"Mkali yuko wapi? Mwoneni huyo! Amerudi kutoka likizo!"

Mkewe hakucheka. "Mfunge. Lile geti lako lina komeo la waya, ukilisukuma linafunguka. Na ukitoka naye mfunge mdomo. Akimng'ata mtoto wa mtu utamwambia nini mama yake?"

"Nitamwonyesha kibao. Kimeandikwa, hakijaandikwa?"

Mvua ya kwanza ilipiga bati asubuhi, ghafla, kama mtu amemwaga kokoto. Nguo za wateja zilikuwa kwenye kamba uani. Brashi alikuwa kibandani kwake anamalizia herufi. Kopo alikuwa amejilaza miguuni pake, hana mnyororo. Mlango wa nyumba ukafunguka, na mtu wa njano akatoka mbio.

Kopo aliondoka kabla Brashi hajatua brashi.

"Vua!" Brashi alipiga kelele. "Vua koti! Vua!"

Mvua ilikuwa kubwa. Mkewe aligeuka kumtazama, akainua mkono wa kulia kuisukuma kofia nyuma ili asikie vizuri. Na Kopo alikuwa ameshafundishwa vizuri kabisa nini hufuata baada ya mkono huo kuinuka.

Aliudaka juu ya vidole. Hakuachia mpaka alipomsikia mwenye thina karibu. Ndipo akaachia, akaja mbio, mkia unacheza, akajificha nyuma ya miguu ya Brashi, akainua uso wenye damu. Alikuwa anasubiri ini.

Hospitali walifanya walichoweza. Mkono ulibaki, lakini vidole viwili, kile cha kuelekeza na cha kati, vilibaki vimenyooka kama vijiti, havikunji, havishiki hata sindano. Mwenye mkono alikuwa anaishi kwa mkono huo.

Mtaani Brashi alisema mbwa kashikwa na kichaa. Akamwita daktari wa mifugo aje amalize kazi upesi. Daktari alikuwa mama mfupi mwenye mabuti ya mpira, asiye na muda wa kupoteza. Alimchungulia Kopo kwenye mnyororo.

"Kichaa kimetoka wapi? Huyu nimemchanja mwenyewe, mkeo ndiye aliyemleta. Mfungeni, nimchunguze siku chache."

"Dokta, we ua tu. Mbwa ni wangu."

"Mbona una haraka kuliko mgonjwa?"

Hapo mkewe akatokea mlangoni, bandeji mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa amelala hospitali na alikuwa amepata muda mwingi wa kufikiri.

"Nina swali moja," alimwambia mumewe. "Uliniambia nivue koti. Hukusema kimbia. Hukusema ingia ndani. Ulijuaje kama ni koti?"

Brashi alifungua mdomo.

Mkewe hakusubiri. Alilitoa koti nyuma ya mlango kwa mkono wa kushoto, akalishikilia mbele yake pale kizingitini, mbali. Kopo aliliona. Hakubweka. Alijikunyata mpaka mnyororo ukamkaba, akakojoa palepale alipo, macho yote kwa Brashi kama anayesema njoo basi, umechelewa leo.

Daktari alilitazama koti, akamtazama Brashi, akatema mate pembeni. "Mbwa wa hivi hurekebishika," alimwambia mke. "Kwa kamba, kwa kufungwa mdomo mbele za watu, na kwa mtu mwenye subira. Lakini sio na mwalimu wake huyu. Kuna atakayemchukua?"

Hakuna. Waliulizwa watu, wakacheka. Na mwenye kumlea, kila mnyororo ulipolia uani, alikuwa anajifungia ndani, ingawa alijua mwenye kosa ni nani.

"Basi, daktari amchome," alisema mwishowe, akageuka kwa mumewe. "Lakini utamshika wewe. Anakuamini wewe."

Brashi alimshika. Sindano ilipoingia, Kopo alikuwa anamlamba rangi iliyogandia kwenye kifundo cha mkono. Ulimi ulipungua mwendo, kisha ukabaki hapohapo, nje.

Alipomaliza kufukia, Brashi alichukua nyundo akaelekea getini kung'oa kibao.

"Kiache," mkewe alisema nyuma yake.

"Mbwa hayupo."

"Nimekwambia kiache. Wewe si huandiki uongo?"

Kikaachwa. Kilichofuata hakuna aliyekitegemea: kazi zilimiminika. Watu walisema kibao cha Brashi ni kibao cha kweli, muulize mkewe. Nyumba kwa nyumba walitaka kama kile, hata wenye kuku tu. Kinyozi naye alikuja kuagiza cha kwake, akasimama na kujikuna.

"Siku hizi neno lako lina uzito, Brashi. Hata ukiniandikia kimataifa, wataamini."

Brashi aliandika. Cherehani ilifunikwa shuka, na vibao vya MBWA MKALI ndivyo vilivyoilisha nyumba ile, pamoja na mwenye vidole vilivyonyooka, aliyekaa mkabala naye na kushika kijiko kwa kushoto.

Mtoto wa kaka yake alirudi kuwatembelea akiwa sekondari, mrefu kuliko baba yake mdogo. Alipofika getini alisimama. Kibao kilikuwa kimepauka, MBWA limekuwa la waridi, MKALI bado linasomeka. Hakuuliza kitu. Alikuwa amekua kiasi cha kujua kutouliza.

Brashi alitoka kibandani, brashi mkononi, akaja kusimama kando yake. Wakakitazama wote wawili.

"Siku ile uliniuliza yuko wapi," alisema. "Hakuwepo. Alikuwepo Kopo tu. Na tambara lilikuwa hapa begani kwangu, na thina ilikuwa kwenye chupa. Neno lile moja, MKALI, lingefutika kabla hata kinyozi hajamaliza kucheka."