Mawese Kwenye Kitako cha Bunduki

Siku ya kwanza kwa atelier, karakana ya bunduki za kuwinda, kule mtaa wa Forest, huku kwa Wazungu, Patron, mwenye kazi, alinipa ufagio na ndoo. "Maman Véro, chini unasafisha. Juu ya meza haugusi."

Bon, sikugusa. Lakini macho yangu nani angeyafunga? Niliona kitako, ule muti unaegemea bega, unasuguliwa na musasa mpaka unalainika. Kisha mafuta ya lin, yale ya mbegu, tone kidogo, unasugua na kiganja, unaacha yakauke. Kesho tena. Wiki nzima.

Siku moja Patron alinikuta nasugua kipande cha muti wa kutupa. Akanipa kitako cha kweli. Mimi, darasa ya tatu ya primaire! Nilitengeneza vitako sita, hata kimoja hakikurudishwa.

Alors, nikamuleta Maman Odette wa Lubumbashi anisaidie kufagia. Mimi mwenyewe nilimuleta! Haikupita mwaka, naye akaketi kwa meza. Na Patron akaanza kuita watu: "Kuyeni muone mukono ya Odette!" Wangu hakuuitia muntu. Wivu ukanishika.

Kazi ikapunguka. Patron akaleta bunduki mbili zinazofanana, kila mumoja ya kwake. "Mwenye kufanya vizuri zaidi atabaki kwa meza. Mwingine atarudia ufagio."

Nikajiuliza: mafuta ni yale yale, nitamupita namna gani? Nikakumbuka mama yangu, Bukavu, alivyosugua viti vyake na mawese, vinang'aa vyekundu. Nikaleta chupa kutoka jikoni, ile ya kupikia sombe, majani ya muhogo tunakula na bukari, ugali wetu. Kitako kikawaka! Nikamuangalia Odette kwa pembe ya jicho.

Wiki ikaisha, kingali kinanata. Odette akanusa. "Maman Bukavu, hii ni bunduki ama sombe? Nilete bukari?"

Atelier nzima ikacheka. Patron akagusa, kidole kikatoka chekundu. "Véro, mafuta ya lin yanakauka, yanakuwa ngozi ya muti. Mawese haikauke hata siku moja."

Odette akaleta térébenthine, dawa ya kutoa mafuta, akanisaidia kuosha kitako siku mbili, bila kuombwa. Hiyo ilinichoma kupita kicheko.

Odette akabaki kwa meza, mimi nilifagia mpaka pension, mpaka kustaafu. Wajukuu wananiambia: "Koko, umusamehe." Nimusamehe nini? Hakunikosea kitu. Vijana, mukono wa mwenzako ukipita wako, muulize anafanya namna gani. Mimi nilikaa karibu naye vile, sikuuliza hata mara moja.

Siku ya Mungu mimi na Odette tunaketi benchi moja kanisani. Watu wakipiga makofi, mimi naangalia mikono yake.